Zamia ya Tanga, ya Lushoto na ya Dodoma: maji hayafuati siku ya wiki

Msomaji wa Chumbageni, Tanga, anauliza:

"Mwaka juzi nilinunua zamia, ule mmea wa fito nene na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ulistawi barazani mpaka ukajaa chungu. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaugawa mara tatu. Mmoja nikabaki nao, nikauweka kwenye chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu. Wa pili nikampa binti yangu anayefundisha Lushoto, wa tatu nikampelekea mwanangu Dodoma. Wote niliwapa sharti moja: kikombe cha maji kila Ijumaa. Sasa ni mwezi wa saba. Wangu umekuwa wa manjano tangu masika, na fito mbili zimelegea chini. Wa Lushoto haujatoa ufito mpya hata mmoja, na sasa una mabaka meusi yaliyolowana. Wa Dodoma unapukutisha majani yangali ya kijani. Kosa liko wapi, na kila mji uwe na ratiba gani ya maji? Pia dada yangu wa Muscat anataka kipande. Nifanyeje?"

Mama, kosa liko kwenye Ijumaa. Mmea haujui siku ya wiki, unajua udongo wake umekauka au bado. Kikombe kilekile kinachofika Dodoma mwezi wa saba kinakuta udongo mkavu kama unga na upepo usiokoma. Kikifika Lushoto kinakuta udongo baridi ambao bado umeshika maji ya wiki mbili nyuma. Na chungu chako, kwa kuwa hakina tundu, kimepokea vikombe zaidi ya ishirini na tano tangu mwezi wa kwanza bila njia ya kuvitoa. Mimea yako mitatu ina maradhi matatu tofauti, na dawa ya mmoja itamuua mwenzake. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, wapigie simu wanao wote wawili waache kumwagilia kwa kalenda.

Neno kidogo kuhusu jina, maana linaweza kukuponza dukani. Mmea wako ni zamiokulka, Zamioculcas zamiifolia. Wauzaji hulifupisha jina wakaita zamia, lakini zamia halisi ni mmea mwingine kabisa, asili yake bara la Amerika, wenye majani magumu kama kadibodi yanayotoka kwenye kisiki kimoja kifupi, na aina inayouzwa sana hustahimili jua kali la nje. Ukisoma maelezo ya zamia halisi ukaupeleka mmea wako juani, utaunguza. Zamiokulka ni ya nyumbani kwetu. Huota yenyewe katika misitu mikavu na vichaka vya upande huu wa Afrika, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na visiwa vya Zanzibar, hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Imezagaa maofisini duniani kote tangu wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi karibu na mwaka 1996. Ni mmea wa kwetu uliokwenda ng'ambo ukarudi na bei.

Asili hiyo ndiyo ufunguo wa kuitunza. Msituni huota chini ya kivuli cha miti, kwenye udongo wenye mawe na mchanga, ambapo mvua hunyesha kwa nguvu, maji yakazama upesi, kisha ikafuata miezi ya ukavu. Ili ivumilie, imejiwekea akiba chini ya ardhi: tunguu nene, mviringo, la rangi ya kahawia kwa nje na nyeupe ya maziwa kwa ndani, linalofanana na kiazi. Vikonyo vyake navyo, pale chini vilipovimba, vimejaa maji. Mmea ulioshiba unaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila tone la maji, na ukiona shida sana hupukutisha majani yake madogo na kuishi kwa tunguu peke yake mpaka mvua irudi. Hivyo njaa ya maji huichelewesha tu. Kinachoiua ni maji yanayokaa. Kati ya punje za udongo lazima kuwe na nafasi za hewa. Maji yakijaza nafasi zote za udongo, mizizi hukosa hewa, inakufa, halafu vimelea vya kuozesha huingia kupitia mizizi iliyokufa na kupanda hadi kwenye tunguu.

Jambo jingine la kujua kabla hujashika kisu: kile tunachokiita ufito wa zamiokulka ni jani moja zima, na yale yanayoonekana kama majani ni vipande vya jani hilo. Ndiyo maana ukikata ncha ya ufito hautachipua pembeni kama mpilipili au mrehani. Utabaki hivyohivyo ulivyokatwa mpaka uzeeke. Chipukizi hutoka kwenye tunguu tu, chini ya udongo.

Sasa kwenye maji. Kanuni ni mbili na zinafanya kazi mji wowote. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Ukishamaliza, usiguse tena mpaka udongo ukauke hadi chini, si juu peke yake. Udongo wa juu hudanganya: Tanga wakati wa kaskazi hukauka kwa siku mbili huku chini kungali na tope. Chukua kijiti cha mshikaki, kichome pembeni mwa chungu, mbali na matunguu, mpaka kiguse chini, ukiache dakika kumi. Kikitoka kimelowa rangi au kimeshikwa na udongo, ahirisha. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia. Njia iliyo bora kuliko hiyo ni uzito. Chungu chenye upana wa sentimita 20 hubeba takriban lita 4 za udongo, na tofauti ya uzito kati ya kilichoshiba na kilichokauka ni kama kilo moja. Kiinue mara baada ya kumwagilia na kuchuja, mikono ikumbuke uzito ule. Baada ya mizunguko miwili hutahitaji kijiti. Mwenye mizani ya kuning'iniza jikoni aandike uzito wa siku ya kushiba kwenye kipande cha plasta na kukibandika chunguni.

Kwa chungu cha ukubwa huo, maji ya kushibisha ni kati ya nusu lita na lita moja. Kikombe chako cha robo lita hakifiki chini kwenye udongo mkavu; hulowesha vidole vinne vya juu, na mizizi ya chini hubaki na kiu huku shingo ya mmea ikilowa kila wiki. Ni kidogo mno kwa mara moja, na ni mara nyingi mno.

Tuanze na mmea wako, kwa kuwa ndio ulio hatarini zaidi. Fito kulegea chini na kuwa manjano baada ya masika maana yake tunguu limeanza kuoza. Usisubiri. Utandaze gazeti kivulini, uvae glavu au ufunge mikono kwa mifuko ya plastiki, maana utomvu wa mmea huu una chembe kali kama sindano zinazowasha. Ni jamaa wa magimbi, na aliyemenya magimbi mabichi anaujua muwasho huo. Laza chungu ubavu, ugonge pembeni, utoe mmea wote. Tikisa udongo wote wa zamani, usibakize, kisha osha matunguu kwa maji ya bomba yanayotiririka.

Sasa bonyeza kila tunguu kwa kidole gumba. Lililo zima ni gumu kama kiazi kibichi. Lililooza hubonyea, hutoka maji ya kahawia, na mara nyingi hunuka. Kata kwa kisu kilichopitishwa motoni au kufutwa kwa spiriti, na ufute tena baada ya kila mkato. Endelea kukata mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa. Ukibakiza alama ya kahawia ukubwa wa punje ya mtama, uozo utaendelea chini kwa chini. Fito zilizolegea ziondoe zote, kwa kuwa hazisimami tena. Mizizi iliyo hai ni minene na myeupe. Iliyokufa huvuliwa ganda kama soksi, hiyo kata. Paka majeraha yote unga wa mkaa uliopondwa, kisha weka matunguu juu ya gazeti, kivulini penye upepo, siku mbili au tatu mpaka majeraha yakauke yawe kama ngozi. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuogopa mmea utakauka. Hautakauka, una akiba. Ukizika kidonda kibichi ndipo unaupoteza.

Panda kwenye chungu kipya chenye tundu, kidogo kiasi cha kuacha vidole viwili tu kati ya matunguu na ukuta wa chungu. Chungu kikubwa kwa mmea mdogo ni kisima: udongo usio na mizizi haunyonywi maji. Kwa Tanga chagua chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi, kwa sababu kuta zake hupumua na kusaidia kukausha. Kile chako cha kauri usikitupe. Kitumie kama vazi la nje. Weka ndani yake chungu chenye tundu juu ya vipande vya tofali, na baada ya kumwagilia umwage maji yote yaliyokusanyika. Hata sahani ya chini usiiache na maji, si kwa ajili ya mmea tu: pwani yetu ina mbu wa dengue, na maji safi yaliyotuama wiki moja yanatosha kuwakuza.

Udongo wa kupandia ni mahali ambapo Tanga ina utajiri na mitego. Changanya makopo mawili ya udongo wenye mboji, makopo mawili ya mchanga wa mto wenye punje kubwa au kokoto ndogo, kopo moja la nyuzi za makumbi ya nazi na kopo moja la vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Udongo mwekundu wa shambani peke yake hushikamana kama tofali ukimwagiliwa mara kumi. Mchanga wa bahari usitumie hata ukiuosha, kwa kuwa una chumvi na punje zake ni laini mno, huziba nafasi za hewa. Makumbi nayo yana siri: mengi ya pwani yalifukiwa ufukweni miezi mingi ili yalainike kwa kusokota kamba, hivyo yamejaa maji ya bahari. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi siku nzima, mwaga, rudia mara tatu, na mwishowe onja maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, rudia tena. Mchanganyiko ukiwa tayari, jaza chungu kitupu na umimine lita moja. Maji yakisimama juu kwa zaidi ya nusu dakika, ongeza kokoto.

Zika matunguu kiasi cha sentimita mbili tu chini ya uso wa udongo, na usimwagilie siku kumi za mwanzo. Kisha shibisha mara moja na uanze kupima kwa kijiti. Kwa kawaida, chungu cha namna hiyo barazani Tanga hukauka baada ya wiki mbili hivi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na mwanzo wa Machi. Masika inapoingia, mawingu yakatanda na hewa ikajaa unyevu, kinaweza kukaa wiki nne hadi sita, na hapo ndipo ulipokosea bila kujua. Miezi ya kusi, kuanzia Juni, ni karibu wiki tatu. Hesabu hizo ni za kukuandaa tu. Kijiti kikikataa, kijiti ndicho cha kusikilizwa. Na masika hakikisha matone ya paa hayakifikii chungu.

Kama unatumia maji ya kisima, na visima vingi karibu na bahari vina chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu na ncha za majani zikiungua kahawia. Mara mbili kwa mwaka pitisha lita 8 hadi 10 za maji ya mvua kwenye chungu, polepole, yatiririke chini yote, yaizoe chumvi. Fanya hivyo siku ya jua ambayo ilikuwa zamu ya kumwagilia, usiongeze juu ya udongo uliolowa. Futa pia majani kwa kitambaa chenye maji safi kila mwezi, hasa kama baraza inatazama bahari, kwa sababu upepo huleta chumvi na vumbi, na jani lililofunikwa halipati mwanga. Usipake mafuta ya nazi ili ling'ae. Hung'aa siku tatu, kisha hushika vumbi na kuziba vitundu vya kupumulia.

Mwanga ndio unaoamua mmea unywe kiasi gani, na wengi huusahau. Mmea ulio gizani haunywi, kwa hiyo chungu chake hakikauki, kwa hiyo unaoza. Weka mkono wako sentimita 30 juu ya majani saa sita mchana. Kivuli cha mkono kikionekana lakini kingo zake zimefifia, mahali hapo panafaa. Kikionekana kikali chenye kingo, ni jua kali mno. Kisipoonekana kabisa, utakuwa hai lakini fito mpya zitakuwa ndefu, nyembamba na zinazolalia upande mmoja. Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na hilo lina maana barazani kwako: kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na huingia ndani kabisa ya baraza inayotazama kaskazini, hasa mwezi wa sita. Kuanzia Oktoba hadi Machi huhamia upande wa kusini. Mmea uliokaa salama mahali pamoja miezi sita unaweza kuungua mwezi wa saba bila mtu kuugusa. Baraza ya magharibi ndiyo mbaya zaidi, kwani jua la saa tisa huja na joto la siku nzima.

Sasa Lushoto. Mji ule uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Zamiokulka hukua vizuri kati ya nyuzi 18 na 30. Chini ya 18 ukuaji hupungua sana, karibu na 15 husimama, na usiku mwingi wa 10 kwenye udongo uliolowa huua mizizi. Kwa hiyo kutotoa ufito mpya si ugonjwa, mmea umesinzia. Mabaka meusi yaliyolowana ndiyo tatizo: ni alama ya baridi iliyoujeruhi, na hutokea hasa majani yanapogusa kioo cha dirisha usiku au chungu kinapokaa juu ya sakafu ya saruji. Binti yako ahamishe chungu mbali na dirisha usiku, akiweke juu ya stuli au kipande cha ubao, kwenye chumba chenye joto la watu, si karibu na jiko la mkaa. Mchana akirudishe dirishani, hata jua la asubuhi la saa mbili mpaka saa nne si baya kwa Lushoto, kwa kuwa ukungu hupunguza mwanga.

Maji aache kabisa mpaka mwezi wa nane mwishoni, kisha apime kwa kijiti. Wakati wa baridi chungu kimoja kinaweza kukaa wiki sita hadi nane. Akimwagilia, iwe saa nne asubuhi, siku ya jua, kwa maji yaliyokaa ndani usiku kucha au yaliyotiwa kidogo ya moto mpaka yawe vuguvugu. Maji ya bomba ya milimani ni baridi, na mizizi iliyosinzia hushtuka. Jani lenye baka dogo aliache. Lililoharibika zaidi ya nusu alikate. Abonyeze pia matunguu ya juu kwa kidole: yakiwa magumu, atulie, Novemba yataamka. Yakibonyea, afuate matibabu yale yale ya Tanga, ila akaushe majeraha siku tano badala ya mbili kwa sababu ya unyevu wa milimani. Kwa chungu, Lushoto plastiki nyeusi ni bora kuliko udongo wa kufinyanga, kwani hushika joto la mchana. Lakini basi aongeze kopo moja la kokoto kwenye mchanganyiko.

Na kama binti yako anataka mmea unaopenda hali ya hewa ya kule, dawa iko mlangoni kwake. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, Saintpaulia, linalopangwa madirishani Ulaya nzima, lilichukuliwa mkoani Tanga mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Wajerumani hapa, na aina zake nyingi ni za milima ya Usambara. Linapenda ubaridi wa wastani na unyevu, kinyume kabisa cha zamiokulka. Anunue kwa mwenye kitalu, asing'oe la msituni, maana yale ya mwituni yamebaki machache.

Dodoma ni habari ya tatu. Kule ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Mei hewa ni kavu na upepo hauishi. Kupukutisha majani ya kijani ni kinga ya mmea, ndivyo unavyofanya porini. Kwa hiyo mwambie mwanao asiutupe. Aguse fito chini: zikiwa na mikunjo lakini ngumu, na tunguu likiwa gumu, una kiu tu.

Kiu imetoka wapi wakati anamwagilia kila wiki? Udongo ukikauka sana hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu, ukaacha ufa mwembamba. Kikombe kikimiminwa hupita ufani, kikatoka chini baada ya sekunde chache, na bonge la katikati likabaki kavu. Anaona maji yametoka, anadhani umeshiba. Tiba: aweke chungu ndani ya beseni, ajaze maji mpaka nusu ya urefu wa chungu, akiache dakika 30 hadi 40 mpaka uso wa udongo uonekane umelowa, kisha akitoe na kukichuja saa nzima. Baada ya hapo apasue udongo wa juu kwa uma na kuongeza mchanganyiko kwenye ufa. Mara moja inatosha. Kishawishi kitakuwa kurudia kesho yake kwa kuwa majani bado yanadondoka, na kweli yataendelea kudondoka siku kadhaa. Asirudie mpaka kijiti kikauke. Mimea mingi iliyonusurika na ukame hufa kwa huruma ya wiki inayofuata.

Mchanganyiko wa Dodoma uwe na makopo mawili ya makumbi badala ya moja, na kokoto kopo moja. Chungu kiwe cha plastiki au cha udongo kilichopakwa rangi nje, kisipoteze maji kwa kuta. Akiondoe mbele ya dirisha linaloingiza upepo na mbali na feni. Upepo hukausha kuliko jua. Kati ya Agosti na Novemba atarajie kumwagilia kila siku kumi hadi kumi na nne. Mwezi wa saba, kwa kuwa usiku kuna ubaridi, ni karibu wiki tatu. Kunyunyizia majani maji kwa chupa ya dawa hakusaidii kitu. Unyevu hukauka kwa dakika tano, na jani hili lilivyo nene halina shida na hewa kavu. Ahangaike na mizizi tu.

Muscat ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa sababu mmea utaishi ndani. Nje majira ya joto hupita nyuzi 40, lakini sebuleni kwenye kiyoyozi ni 24 hivi, na hiyo ni hali njema kabisa, mradi usipigwe na pumzi ya mashine moja kwa moja. Atamwagilia kila wiki tatu hivi. Ugumu uko mpakani: mmea usafiri bila udongo, uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na dada aulize kwanza masharti ya kuingiza mimea Oman. Usiufiche sandukuni. Ufito mmoja wenye tunguu lake, uliooshwa na kukaushwa siku tatu, ukafungwa kwa gazeti kavu, husafiri wiki nzima bila dhara.

Mbolea nitapita haraka. Mmea huu haulaji sana. Mbolea ya kuyeyuka yenye uwiano sawa, nusu kijiko cha chai kwenye lita 3 za maji, kila baada ya wiki nane wakati unatoa fito mpya tu, na daima juu ya udongo uliokwisha lowa. Mgonjwa asipewe kabisa. Urea na samadi mbichi ziwe mbali. Ukiona pamba nyeupe kwenye maungio ya majani ni vidung'ata: vifute kwa pamba yenye spiriti, siku saba baadaye urudie, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Watoto wadogo na paka wasitafune majani, kwani mdomo utawasha na kuvimba.

Limebaki moja. Mwambie mwanao wa Dodoma aokote majani yote yaliyodondoka yangali ya kijani na magumu. Ayaache siku mbili kivulini, kisha ayachomeke wima kwenye kopo lenye mchanga wa mto na makumbi nusu kwa nusu, sehemu ya kikonyo ikiwa chini, theluthi moja ikizama. Anyunyize mchanga ulowe kidogo, aweke penye mwanga usio na jua, na asizidishe maji hapo pia. Baada ya miezi miwili au mitatu avute mojawapo taratibu. Likikataa kutoka, chini yake tayari kuna tunguu dogo kama punje ya harage. Jani lenyewe linaweza kunyauka na kuwa la kahawia baadaye, asimwage kopo. Ufito wa kwanza huchukua miezi sita hadi mwaka kutokeza.